Mlinzi wa msaada naye alindwe

Si siku nyingi zilizopita nilikuwa nikipita Changamwe, jua likielekea kuchwa, kando ya ukuta mrefu wa bohari moja lililokodiwa na shirika la misaada. Malori yalikuwa yamepanga mstari yakingoja zamu ya kupakia. Langoni alisimama kijana mwenye sare iliyopauka, rungu mkononi, kurunzi kiunoni na filimbi shingoni. Aliponiona alivua kofia yake upesi.

"Shikamoo, mwalimu."

Nilimwitikia, nami nikamtambua. Alikuwa mwanafunzi wangu katika shule moja ya Kisauni miaka kadhaa iliyopita. Insha zake zilikuwa safi, na mtihani wa kidato cha nne aliupita, ila karo ya chuo haikupatikana. Sasa analinda magunia ya mahindi na maharagwe, mafuta ya kupikia na maturubai, shehena inayongoja kupelekwa kwa watu waliokimbizwa makwao na vita. Magunia hayo yamepigwa chapa kwamba si ya kuuzwa.

Tulizungumza kidogo, ndipo akanipa habari iliyokuwa ikimsumbua. Kampuni yake ya ulinzi imemwarifu kwamba mwezi ujao atahamishiwa kituo kilicho karibu na mpaka wa Somalia, akalinde ofisi na makazi ya wafanyakazi wa shirika lilo hilo. Ataongezwa posho ya chakula, lakini mshahara utabaki ule ule, na rungu litabaki lile lile. Alipomwuliza msimamizi wake ni nani atakayemjibu mama yake likitokea la kutokea, aliambiwa kwamba kazi hiyo inatakiwa na wengi.

"Mwalimu," aliniuliza, "niende, nisiende?"

Nilibabaika. Mimi niliyezoea kuuliza maswali darasani sikuwa na jibu la swali moja la mwanafunzi wangu. Nilimwomba anipe muda. Makala haya ndiyo jibu lake, nami naliandika hadharani kwa kuwa wapo walimu wengi wanaoulizwa swali kama hilo, na wapo wanafunzi wengi watakaoliuliza kesho.

Kwanza tuiondoe dhana kwamba mambo ya vita na misaada ni ya mbali, yasiyotuhusu sisi wakazi wa upande wa bara wa Mombasa. Mizigo inayoshushwa bandarini Kilindini hupita Changamwe ikielekea Uganda, Sudan Kusini, mashariki mwa Kongo na kambi za wakimbizi zilizo nchini mwetu. Mnamo Agosti 1992, Somalia ilipokuwa ikiangamia kwa njaa, ndege za kijeshi za Marekani zilianza kubeba chakula cha msaada kutoka uwanja wa ndege wa Moi, ulio papo hapo Changamwe. Miaka hiyo hiyo wakimbizi wa Kisomali waliofika pwani yetu walipewa hifadhi katika kambi kadhaa, mojawapo ikiwa Utange, huko Kisauni.

Likoni nayo haihitaji kusimuliwa habari za machafuko. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni na kile kidogo cha kivukoni. Polisi sita waliuawa na bunduki zaidi ya 40 zikaporwa. Katika wiki zilizofuata zaidi ya watu 100 walipoteza maisha, na wapatao 100,000 wakayakimbia makazi yao. Wengi walijihifadhi katika uwanja wa Kanisa Katoliki la Likoni, wakilishwa na wasamaria wema. Nakumbusha haya kwa sababu moja: usiku ule polisi wenye silaha walizidiwa nguvu. Basi bawabu mwenye rungu na filimbi ataweza nini?

Huo ndio msingi wa hoja yangu. Mashirika ya misaada yanapofanya kazi katika maeneo yenye vita huhitaji ulinzi, na hilo silipingi. Ninalolipinga ni desturi ya kuununua ulinzi huo kwa bei ya chini kabisa, kisha hatari yote ikaangukia kichwani mwa mtu anayelipwa kidogo kuliko wote.

Tuangalie yaliyotokea jirani zetu. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, Somalia ilibaki bila polisi wala mahakama. Mashirika yaliyokwenda kuwalisha wenye njaa yalijikuta hayawezi kuvusha hata gari moja kutoka bandarini hadi mjini bila bunduki. Yakaajiri vijana wa koo mbalimbali wawasindikize, wakiwa wamepanda magari ya wazi yaliyofungwa bunduki kubwa. Hata Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ambayo tangu kuasisiwa kwake ilijivunia kutolindwa kwa silaha, ililazimika kukodi walinzi wenye bunduki. Inasimuliwa kwamba katika vitabu vya hesabu fedha hizo ziliandikwa kuwa ni gharama za msaada wa kiufundi, na ndiyo asili ya jina la yale magari maarufu ya kivita ya Somalia.

Ulinzi ule ulivusha chakula, lakini ulikuwa na madhara mawili. Fedha za wafadhili ziliwafikia wakuu wa vita na kuwatia nguvu. Aidha, kijana aliyelinda ghala leo aliweza kulipora kesho mkataba wake ulipokatika, kwa maana alilijua lango na alizijua saa za zamu. Wahenga walitwambia kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mlinzi aliyeokotwa njiani na kulipwa kwa siku hana kinachomfunga na kazi yake.

Baharini mambo hayakuwa tofauti. Juni 2005 meli ya Semlow, iliyong'oa nanga Mombasa ikiwa imepakia tani 850 za mchele wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ilitekwa na maharamia wa Kisomali. Mchele ule ulikuwa wa watu wa Somalia walioathiriwa na mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004. Mabaharia wake, wengi wao Wakenya, walizuiliwa kwa siku zipatazo 100. Mei 2007 meli nyingine iliyokuwa imepeleka chakula cha shirika hilo, Victoria, ilishambuliwa ilipokuwa ikirudi kutoka bandari ya Merka. Maharamia walishindwa kuiteka, lakini mlinzi mmoja wa Kisomali aliuawa katika mapambano ya kuiokoa.

Baada ya hapo dunia iliamka. Novemba 2007 manowari za Ufaransa zilianza kuzisindikiza meli za chakula, na Desemba 2008 Umoja wa Ulaya ukaanzisha operesheni yake ya Atalanta. Ilikuwa hatua njema, kwani meli zilizosindikizwa zilifika salama. Hata hivyo, kabla manowari hazijaja, waliokuwa wakizilinda meli hizo ni walinzi wa kukodiwa. Tunayakumbuka majina ya meli, na tani zilizobebwa zimehifadhiwa katika taarifa. Yule mlinzi wa Merka hatajwi ila kwa mstari mmoja.

Turudi nchi kavu, nchini mwetu. Oktoba 2011 wafanyakazi wawili wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, raia wa Hispania, walitekwa nyara katika kambi za Dadaab na kuvushwa mpaka hadi Somalia. Waliachiliwa Julai 2013. Dereva wao, Mkenya, alipigwa risasi akajeruhiwa siku ile ya utekaji. Juni 2012, papo hapo Dadaab, msafara wa Baraza la Wakimbizi la Norway ulishambuliwa. Wafanyakazi wanne wa kigeni walitekwa, wakaokolewa baada ya siku nne. Dereva mmoja, Mkenya, aliuawa.

Mmoja wa wale waliotekwa, Steve Dennis, raia wa Kanada, alilishtaki shirika lake. Uamuzi wa kusafiri bila kusindikizwa na watu wenye silaha ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa. Novemba 2015 mahakama ya Oslo iliamua kwamba mwajiri huyo alifanya uzembe mkubwa, na ikaamuru alipwe fidia. Hukumu hiyo ilizishtua ofisi nyingi za misaada ulimwenguni. Tangu hapo wakuu wake wanafahamu kwamba mfanyakazi anayepelekwa penye hatari anadaiwa ulinzi na mwajiri wake, na kwamba deni hilo linaweza kudaiwa mahakamani.

Nami naipongeza hukumu hiyo kwa moyo mkunjufu. Lakini naomba msomaji aniambie: je, deni hilo linamfikia yule kijana wa Changamwe? Kwa maandishi, yeye si mfanyakazi wa shirika la misaada. Shirika limetoa zabuni, kampuni ya ulinzi imeshinda zabuni, na kampuni imemwajiri kijana. Likitokea shambulio, shirika litasema mtu huyo si wetu, ni wa kampuni. Kampuni nayo itasema tulimpeleka mahali mteja alipotaka. Mama mtu atabaki akipanda na kushuka ngazi za ofisi za watu, bahasha ya khaki mkononi.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ningependa tulitazame kwa utulivu. Zabuni ya ulinzi hushindaniwa kwa bei. Sare, rungu, kurunzi na gari la doria vina bei zake ambazo haziwezi kushushwa sana. Kinachoshushika ni mshahara, mafunzo na bima. Kwa hiyo kila shirika linapochagua zabuni iliyo rahisi kuliko zote, halipunguzi hatari hata chembe. Linachofanya ni kuitoa hatari kwenye vitabu vyake na kuipakia mgongoni mwa mlinzi. Cha rahisi ni ghali, ila anayelipa ughali huo si mnunuzi.

Tuchukue hesabu ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuifanya. Sheria yetu ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka 2007, inasema kwamba mfanyakazi akifa kwa sababu ya kazi yake, wategemezi wake wanastahili malipo ya miezi 96. Mlinzi anayepokea shilingi 15,000 kwa mwezi atawaachia wake shilingi 1,440,000. Angekuwa anapokea 30,000 angewaachia 2,880,000. Maana yake ni kwamba mshahara mdogo humfuata mtu hadi kaburini. Na hiyo ni iwapo mwajiri alikata bima na iwapo ajira yenyewe iliandikwa mahali, ilhali sheria ya ajira ya mwaka huo huo inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi.

Serikali haikulala kabisa. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kusimamia ulinzi wa kibinafsi na kuunda mamlaka ya kuitekeleza, ili walinzi wasajiliwe na wapewe mafunzo. Mapema mwaka 2024 mamlaka hiyo iliagiza kwamba mlinzi wa Nairobi na viunga vyake asilipwe chini ya shilingi 30,000 kwa mwezi. Waajiri walipinga na suala hilo likafika mahakamani. Sina haja ya kuwatangulia mahakimu, ila nauliza: ikiwa mlinzi wa duka la Nairobi alionekana kustahili kiasi hicho, anayelinda ofisi ya misaada mpakani, ambako vilipuzi hutegwa barabarani, anastahili nini?

Najua yatakayosemwa kunijibu. La kwanza ni kwamba fedha za misaada ni za wenye njaa, na kila shilingi inayoongezwa kwa mlinzi ni kibaba cha unga kilichopunguzwa kwa mtoto mkimbizi. Hoja hii ina uzito, wala siidharau. Lakini mbona haitolewi panaponunuliwa magari ya kivita yasiyopenya risasi, wala wanapokodiwa washauri wa usalama kutoka ng'ambo? Hapo hukubaliwa kwamba usalama una gharama. Hoja ya kibaba cha unga huibuka tu tunapofika kwa bawabu. Na tusisahau kwamba chakula hakifiki kwa mtoto pasipo mtu wa kukilinda njiani. Malipo ya mlinzi ni sehemu ya gharama ya kukifikisha, kama yalivyo mafuta ya lori.

La pili husemwa na watu wenye nia njema zaidi. Wao hushikilia kwamba kinga bora ya mtoa msaada ni kukubalika na wenyeji. Apende haki, asibague kabila wala dini, na wenyeji wenyewe watamlinda. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Ofisi iliyozungukwa na seng'enge na mitutu humtisha hata yule mjane iliyekuja kumsaidia. Lakini kukubalika na wenyeji hujengwa na nani? Mtu wa kwanza ambaye mwenyeji hukutana naye anapofika kwenye lango la shirika ni mlinzi. Akiwa mkali, shirika ni kali. Akidai chai, shirika linadai chai. Akiwa mtu aliyefunzwa, anayejua lugha ya watu wa pale na anayeijua heshima ya mzee na ya mama, huyo amefanya kazi ambayo kuta haziwezi kuifanya. Kwa hiyo anayependa njia ya kukubalika ana sababu kubwa zaidi ya kumtunza mlinzi wake.

Tena ipo hatari ya nyuma ya lango. Walinzi wa kampuni za kibinafsi hapa nchini kwa kawaida hawabebi bunduki. Katika maeneo ya hatari bunduki hushikwa na polisi, nao mara nyingi hukaa ndani au husindikiza magari. Mlinzi wa kampuni huwekwa nje kabisa. Yaani mshambulizi anapofika, wa kwanza kukutana naye ni yule asiye na silaha. Sipendekezi apewe bunduki, kwani tuliona Somalia bunduki za kukodi zilivyogeuka. Napendekeza tukiri kwamba kazi yake hasa ni kuona mapema na kutoa habari mapema, kisha apewe nyenzo za kazi hiyo: redio inayosikika, taa, mahali pa kujikinga, na amri iliyoandikwa kwamba akishambuliwa na watu wenye bunduki hana wajibu wa kufa kwa ajili ya lango.

Nini basi kifanyike? Mashirika ya misaada yaandike katika zabuni zao kiwango cha chini cha mshahara, bima na mafunzo ya walinzi, na yaikatae kampuni yoyote inayotaka kushinda kwa kukishusha. Wafadhili wayaulize mashirika kuhusu walinzi kama wanavyoyauliza kuhusu risiti. Kampuni za ulinzi zikumbushwe kwamba kuna kanuni ya kimataifa iliyotiwa saini Geneva mwaka 2010, ambayo inazitaka kutoa mafunzo na kuwatafutia walinzi wao mazingira salama ya kazi. Serikali nayo iwapeleke wakaguzi katika vituo vya mbali, si katika maduka ya mijini tu.

Walimu wenzangu, nasi tuna sehemu yetu. Tunajua kwamba vijana wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe wanaokosa nafasi ya chuo huvaa sare hizi. Hatuwezi kuendelea kuwafundisha barua rasmi na kumbukumbu za mkutano, huku tukiwaacha watoke shuleni bila kujua kuusoma mkataba wa kazi. Tuusome darasani kama tunavyosoma ufahamu. Tuwaulize: nani mwajiri? Malipo ni kiasi gani, na kwa saa ngapi? Bima iko wapi? Nani atawajibika mtu akiumia? Hakuna ufahamu ulio na faida kubwa kuliko huo.

Sasa nimgeukie mwanafunzi wangu, ambaye najua hulisoma gazeti hili langoni kabla ya zamu ya usiku. Mwanangu, sitakwambia usiende. Najua mama anakutegemea, na watu wa huko mpakani wanakihitaji chakula hicho kama sisi tulivyokihitaji Likoni mwaka 1997. Kazi ya kukilinda ni kazi ya heshima. Lakini kabla hujapanda gari, dai mambo matatu kwa maandishi: jina la mwajiri wako na saini yake, cheti cha bima kinachoonyesha kwamba kituo kile kimo, na maelezo ya unachotakiwa kufanya siku ya shambulio. Nakala moja mwachie mama. Usiende kudai peke yako. Nendeni pamoja wote mnaohamishwa, maana mmoja hujibiwa kwamba wengine wako wengi, lakini wengi hawawezi kujibiwa hivyo. Wakikupa, nenda kwa amani na dua zetu. Wakikataa kukuandikia hata kurasa mbili, ujue wamekwisha kukujibu swali ulilomwuliza msimamizi wako, na hapo mimi mwalimu wako nakwambia usiende.

Kwa wakuu wa mashirika nina neno moja tu. Magunia yenu mmeyaandika kwamba si ya kuuzwa, nasi tunaiheshimu chapa hiyo. Uhai wa anayeyalinda usiku kucha, naye nje ya ukuta, usiuzwe kwa bei ya zabuni iliyo rahisi kuliko zote.